Gari la Marehemu Liliposhushwa

Siku ile kwenye gereji ya Miembeni tulikuwa wanne, ukinihesabu na mimi niliyekuwa nimekaa ndani ya gari kama mzigo. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu kitinda mimba, anayeuza simu mjini Bukoba na kulala Bilele. Alikuwepo jirani yangu wa Nyanga. Marehemu mumewe na marehemu mume wangu walikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja miaka yote, kwa hiyo namhesabu kama wifi ingawa damu hatuna. Alikuwepo fundi, na yeye nilipomuuliza ukoo wake nikakuta bibi yake mzaa mama alisali nasi usharika mmoja, tukiimba sauti ya pili pamoja. Wa tano ni mdogo wangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja. Yeye alikuwa kwake Muleba, hakuwepo, lakini yote yaliyofanyika pale yalifanyika kwa ajili yake, basi namwandika na yeye.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao wengine. Shule niliishia darasa la nne lakini majina hayakunitoka. Hapa siyaandiki kwa sababu sikuwaomba ruhusa. Nitawaita kwa undugu, na anayejijua atajijua.

Nianze na gari. Marehemu mume wangu alilinunua likiwa limeshatumika, na jambo la kwanza alilofanya ni kuliinua. Aliliwekea springi ndefu na vipande vya chuma juu ya shokapu ili lipite na magunia ya kahawa kwenye njia za vibanjani, mashamba yetu ya migomba. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, aliingia kama mtu anayeingia chumbani kwake. Mimi niliruka kidogo, nikashika mlango, nikafika. Wakati huo magoti yalikuwa bado yangu.

Alipofariki gari likabaki bandani. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma, nami sikuwafukuza, maana angalau kulikuwa na kitu kinachoingia na kutoka mle. Watoto wangu wako mbali, kila mmoja na mji wake. Mjukuu yuko hapa mjini, lakini kijana anayefanya kazi ana mambo yake, alikuja Krismasi na tulipopata msiba.

Kisha mtoto wa mdogo wangu akanipigia kutoka Dar es Salaam. Ni kijana mwenye heshima, sina neno naye.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeona mama aje akae na sisi huku. Kibanja kimekwisha, migomba yote imekauka kwa mnyauko, macho yake hayaoni vizuri, na yule dada wa kumsaidia ameolewa. Nitakuja kumchukua shule zikifungwa."

Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini? Nilipokata simu nikampigia mwenyewe.

"Nimesikia unahama," nilimwambia.

"Wananing'oa kama mche wa mgomba, dada."

"Mche ukihamishwa huota."

"Ukiwa mchanga," alisema, akacheka kile kicheko chake cha puani.

Tulizaliwa saba nyumbani kwetu. Tumebaki wawili. Mdogo wangu alipoolewa Muleba aliingia Ukatoliki, na tangu hapo tumetaniana maisha yote, yeye akisema sisi Walutheri tunaimba mpaka Mungu anasinzia. Nilijua akienda Dar sitamwona tena. Si kwamba atakufa kesho. Mimi Dar sifiki, na yeye akishafika huko nani atamrudisha? Kwa hiyo nilitaka jambo moja tu, nifike kwake kabla hajaondoka, nikae ndani ya nyumba yake, nile chakula chake, nimwambie nenda salama. Kwetu mtu hasindikizwi kwa simu.

Lakini ningefikaje? Basi dogo siwezi kupanda, ngazi yake ya kwanza iko kwenye kiuno changu. Pikipiki ndiyo kabisa. Nikamwita mjukuu, nikamwonyesha gari la babu yake. Alileta betri, akaleta mafuta, akaondoa mayai, na jioni ya pili gari likanguruma. Nililia kidogo jikoni, kwa sababu mngurumo ni uleule, na mtu aliyezoea kutoka mle hakutoka.

Nikajaribu kupanda, nikashindwa. Mjukuu alinisukuma kwa nyuma, jirani akanivuta kwa mbele, nikabaki katikati kama mbuzi anayekataa kuingia kwenye lori.

"Bibi," mjukuu alisema, "dawa yake ni moja. Tulishushe."

Nilimwona uso. Alikuwa anaomba kitu alichokitamani kwa muda mrefu. Vijana wa sasa wanapenda gari lililolala chini, linalopita kama linanusa barabara, na mimi sikuwa na shida na hilo. Yeye alitaka urembo, mimi nilitaka mlango ulioko usawa wa goti. Tena tangu gari liamke alikuwa anakuja Nyanga kila jioni. Anafungua boneti, anaangalia, anafunga, anakunywa chai, anaondoka. Ningemkataliaje? Nikatoa fedha yangu ya kahawa, nikasema twende.

Fundi wa Miembeni alilizunguka gari akiwa ameshika kiuno.

"Nani aliliinua hivi?"

"Babu yangu."

"Alikuwa anavuka mto gani?"

"Alikuwa anabeba kahawa," nilisema mimi.

"Samahani, Bibi." Akainama, akachungulia chini. "Tunashusha. Zipo shokapu za kurekebisha, zina ringi. Ringi ukiizungusha huku gari linapanda, ukiizungusha huku linashuka. Sasa niambieni, lishuke mpaka wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hawa mafundi hupima gari kwa vidole. Nafasi iliyopo kati ya tairi na bati linaloifunika, wanaingiza vidole, wanahesabu. Gari la mume wangu liliingia kiganja na kifundo cha mkono, bado kikabaki.

"Viwili," mjukuu alisema haraka.

"Viwili ni vichache kwa njia zetu. Litabeba nini?"

"Bibi tu. Bibi mwenyewe si mzito, umemwona."

Fundi akanigeukia. "Bibi una kilo ngapi?"

"Kwani unataka kuninunua?"

Wakacheka wote wawili, na swali likapita. Ndilo swali tulilotakiwa kulijibu vizuri. Mimi nilikuwa pale, na mdomo ninao, lakini niliulizwa uzito wangu, sikuulizwa nakwenda wapi na kwa nani.

Walifanya kazi, mimi nimekalia tairi kuukuu kivulini. Springi za mume wangu zilitolewa moja moja, zimeota kutu, bado zina udongo mwekundu. Fundi akaniuliza kama nazitaka. Nikasema nazitaka. Ziko nyumbani mpaka sasa, zimeshikilia mlango wa banda.

Walipomaliza gari lilikuwa chini mpaka nikaona paa lake kwa mara ya kwanza. Mjukuu alifungua mlango, nikageuka, nikakaa, kama ninavyokaa kwenye kigoda changu jikoni. Hakunisukuma mtu. Mjukuu akawa anazunguka gari na simu yake anapiga picha. Nikafikiri, basi, kwa mdogo wangu nimeshafika.

Mhaya asikudanganye kwamba anakwenda Muleba peke yake. Kwa ndugu yako huendi mikono mitupu. Kwetu kuna neno kugemura, ni kumpelekea mtu chakula nyumbani kwake, na mtu ambaye kibanja chake kimekufa kwa mnyauko unamgemurira zaidi, ili majirani zake waone kwamba ana watu. Tukapakia mikungu ya ndizi, ile mikubwa, na gunia dogo la maharage, na sukari, na dumu la rubisi alilotoa jirani. Kisha jirani mwenyewe akaja amevaa kitenge kipya, na jirani yangu Mungu alimjalia mwili.

"Siwezi kukuacha uende peke yako kwenye jambo kama hili," alisema, akaingia nyuma. Gari likalalama.

Mjukuu alisimama akaangalia tairi za nyuma. Vile vidole viwili havikuwepo tena.

"Bibi, hii mikungu yote?"

"Unataka niache upi?"

Akafunga mlango. Akaendesha.

Kila tulipofika kwenye tuta alisimamisha gari. "Akina bibi, naomba mshuke kidogo." Tunashuka, tunavuka tuta kwa miguu, yeye analivusha gari kwa upande kama mtu anayepitisha kitanda mlangoni, tunapanda tena. Pale Kemondo watu waliokaa barabarani walituona tunashuka mara ya pili katika sehemu moja.

"Bibi, gari limewachoka?" kijana mmoja aliuliza.

"Tunalinyoosha miguu," jirani akamjibu.

Tulicheka, kwa kweli. Ziwa lilikuwa linaonekana kwa mbali, hewa nzuri, harufu ya tairi linalosaga bati tuliifungulia dirisha. Tulipopita Muhutwe nilianza kupanga maneno ya kumwambia mdogo wangu.

Nyumba yake iko juu, unaacha lami unapanda njia ya mawe. Mwanzoni tu kuna jiwe pana linalokatiza njia nzima, lipo pale tangu anaolewa. Mume wangu alilipita akipiga mluzi. Sisi tulilifikia, gari likasema kraa, likakaa juu yake kwa tumbo, tairi za mbele zikabaki hazina kazi. Mjukuu alishuka akalala chini akaangalia. Alipoinuka uso ulikuwa wa mtoto aliyevunja chungu.

Vijana wa bodaboda wakaja, wakatusaidia kulirudisha nyuma. Niliwauliza majina yao na ya baba zao, mmoja nilimjua babu yake. Wakasema mzigo wataupeleka, hilo si tatizo. Wakafunga mikungu, maharage, dumu, wakapanda. Nikawa nasikia pikipiki zikinguruma juu kwa mdogo wangu, na mimi nimesimama chini. Mkungu wa ndizi umefika, mimi sijafika.

Simu ikalia.

"Dada, nimesikia gari. Nimeshaweka maji jikoni."

"Gari limekwama, mdogo wangu."

"Wapi?"

"Kwenye jiwe la chini."

"Jiwe lile? Si mpite tu?"

"Haliwezi. Wameliweka chini mno."

Akauliza, "Unaniona?"

"Naona bati lako."

"Mimi ningekuwa na macho ningekuona."

Yule kijana niliyemjua babu yake alikuwa anasikiliza. Akasema, "Bibi, machela ya kijiji ipo hapo tu. Tuko wengi, tunakubeba mara moja umefika."

Walisema kwa wema. Nitaeleza kwa nini nilikataa, kwa sababu mjukuu wangu hakuelewa, na huenda na wengine wa umri wake hawataelewa. Mtu hubebwa kushuka. Akizidiwa, vijana wanamweka kwenye machela wanamshusha barabarani aende hospitali, na kila anayekutana nao anasimama pembeni anasema pole. Anayebebwa kwenda juu ni yule aliyeshindikana. Anarudishwa kwenye kibanja kuzikwa. Mdogo wangu haoni vizuri lakini anasikia. Angesikia miguu ya watu wengi inapanda pamoja, wale wa juu wangetoka nje wamejifunga vitenge, mtu angeanza kulia kabla hajauliza. Nimletee hilo, wiki anayoondoka?

"Asanteni," niliwaambia. "Nitakuja mwenyewe."

"Bibi, lini?" mjukuu aliuliza.

"Gari likiweza."

Njia ya kurudi hatukushuka kwenye matuta, tulikuwa wepesi. Jirani alijaribu kuimba wimbo, akaacha. Nilimsikia mdogo wangu kwenye simu mara moja zaidi kabla ya Kemondo, anasema ndizi zimefika na ni nzuri. "Lakini zimekuja kama mayatima," alisema. "Hazina aliyezileta."

Sasa ndiyo tunafika kwenye ile siku niliyoanza nayo. Mjukuu alimsimulia fundi kila kitu na fundi akajishika kichwa.

"Nilipima gari tupu," alisema. "Huku kwetu nani anakwenda Muleba na gari tupu? Na mimi nimezaliwa hapahapa."

"Kumbe ulimwambia fundi unabeba bibi tu," jirani alimwambia mjukuu. "Mimi sikuwa bibi?"

"Wewe, Bibi, ni bibi wawili."

"Na adabu yako imeshushwa vidole vingapi?"

Fundi akasema gari litarekebishwa likiwa limebeba, vinginevyo tutadanganyana tena. Tukaenda Nyanga tukakata mikungu mingine, tukarudi nayo, na maharage, na jirani, aliyetaka kubaki nyumbani, akaitwa tena. Alikuja analalamika kwamba katika maisha yake hajawahi kuitwa mahali kwa ajili ya uzito. Tukakaa ndani, mimi mbele, yeye nyuma na ndizi. Fundi akainua kona moja kwa jeki, akaingiza mkono na spana yake yenye ndoano, akazungusha ringi, akashusha, akaingiza vidole. Kona nyingine. Tena ile ya kwanza. Watu waliopita Miembeni walituangalia, wazee wawili na mikungu ndani ya gari lisilokwenda popote, linapanda upande na kushuka upande.

Mjukuu alisimama pembeni amekunja mikono.

"Vitatu vinatosha, fundi."

"Havitoshi kwa lile jiwe mlilonieleza."

"Likipanda sana litakuwa kama linakimbia mafuriko."

"Ni lako, sema wewe."

Alikuwa na rafiki zake, wanaendesha magari ya namna hiyo, Jumapili wanakutana kandokando ya ziwa wanayapanga mstari. Nilijua amewatumia ile picha. Gari lilikuwa la babu yake, lakini kijana anayekuja kila jioni simwamuru hovyo.

"Bibi mdogo anaondoka siku gani hasa?" aliniuliza kupitia dirishani.

"Jumamosi. Ndege ya alasiri."

Ilikuwa Ijumaa. Akatazama chini. Mbele ya gari alikuwa amefunga kidevu cha plastiki, cha urembo, alikinunua kwa fedha yake mwenyewe. Akachukua bisibisi, akapiga magoti, akakifungua mwenyewe, akakiweka juu ya benchi la fundi.

"Weka vinne," alisema. "Likiwa na mzigo."

Basi ikawa kazi ya kati, kwa sababu likipanda mno mimi nisingeweza kuingia tena. Fundi anazungusha, ananiambia, "Shuka, Bibi. Haya, panda." Nashuka, napanda. "Goti linasemaje?" "Linasema bado." Anapunguza nyuma, anaongeza mbele. "Na sasa?" Mpaka goti likasema haya.

Jumamosi tulitoka mapema, jirani akabaki, akisema kuagana huku ni kwetu wawili. Kwenye jiwe mjukuu aliniambia, "Bibi, shika." Chini kitu kilikwaruza kidogo, kama mtu anayekuna mgongo, tukapita. Sikupiga kigelegele. Nilikuwa na haraka.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa ameshafika na gari kubwa la kukodi, refu, jeusi. Mizigo iko nje. Ndani ya nyumba picha zimetolewa ukutani, umebaki weupe mahali zilipokuwa. Lakini sebuleni mtu alikuwa ametandika nyasi mpya, kama zamani, zina harufu, na mdogo wangu amekaa juu yake amenyoosha miguu. Amekuwa mdogo kweli. Nilikaa karibu naye. Alinishika mkono, akapapasa pete, akapapasa kovu la jembe.

"Umekuja na miguu yako," alisema.

"Na ya gari."

Tulikula ndizi na maharage, zile nilizotanguliza. Tulitafuna kahawa kutoka kwenye kikapu kimoja. Akaanza kuuliza watu, fulani yuko wapi, fulani alimzaa nani. Nilimtajia. Nilipofika kwa kaka zetu nilisema yule wa tatu ndiye aliyetangulia, akanikatiza, "Hapana dada, wa pili. Wa tatu ndiye aliyembebea msalaba mazishini." Nikakumbuka kwamba ni kweli. Nilikuwa na mengi zaidi ya kuuliza, mambo ya nyumbani kwa baba ambayo hakuna mwingine wa kuulizwa, lakini mwanawe alikuwa anaangalia saa mlangoni, kwa heshima, bila kusema.

Tulipotoka alishindwa kupanda lile gari refu. Mwanawe alileta kigoda, akakiweka, mama akaweka mguu mmoja, akaurudisha chini.

"Mwanangu, gari lako lina ngazi za mnara wa kanisa," alisema. Akageuka upande wetu, akanyoosha mkono mpaka akagusa mlango wetu. "Hili ni la nani?"

"La shemeji yako," nilimwambia.

"Hili ni la kimo changu."

Akageuka, akakaa, bila kusukumwa na mtu. Nikabaki nimesimama. Gari nililolilipia ili linifikishe kwake ndilo lililomchukua kwa raha kuliko la mwanawe. Mizigo ikaingia kwenye gari kubwa, mimi nikaingia nyuma ya mdogo wangu, na mjukuu akaliteremsha kwenye lile jiwe polepole mno, mpaka gari la nyuma yetu likasubiri.

Kutoka Muleba mpaka Bukoba nilikuwa nimeiona ile njia kama zawadi. Nilifikiri, tutaongea. Lakini hatukufika Muhutwe akalala. Gari liliyumba taratibu, mjukuu akiyakwepa mashimo, na kichwa chake kikawa kinagonga kioo kidogo kidogo. Niliona kitambaa chake kwa nyuma na sikio moja. Mjukuu alinitazama kwenye kioo chake.

"Nimwamshe, Bibi?"

"Mwache. Amechoka kuaga watu."

Nikaweka mkono wangu kati ya kichwa chake na kioo, nikausimamisha hapo mpaka tulipoiona ndege.

Uwanjani walikuja na kiti cha magurudumu. Walinzi hawakutaka watu wengi kupita mlango. Nilimwambia nenda salama, kwa Kihaya, na yeye akaniambia baki salama, halafu akauliza kama kikapu chake kimepakiwa. Hicho ndicho alichosema mwisho. Mwanawe akasema kimepakiwa. Tukasimama nje ya uzio mpaka mngurumo ukaisha juu ya ziwa.

Nyumbani mjukuu alikunywa chai, akakaa zaidi ya kawaida yake. Hakufungua boneti. Baada ya majuma kadhaa akaniuliza, akiangalia kikombe.

"Bibi, kwa kuwa Muleba hatuendi tena, naweza kulirudisha vidole viwili?"

Nikamwambia lirudishe. Fundi nilimlipa mimi mwenyewe. Sasa mfereji wa mbele ya nyumba yangu halivuki, kwa hiyo analiacha chini barabarani na kupanda kwa miguu, si kila jioni, lakini anakuja. Jumapili nasikia wanalisifu sana kule ziwani.

Mdogo wangu nampigia simu. Wajukuu zake wanamshikia sikioni. Mwanzo tulibishana kama kawaida. Siku hizi namwambia jambo, ananijibu, "Ndiyo, dada." Juzi nilimtajia kwa makusudi kaka yetu wa tatu kwamba ndiye aliyetangulia, nikangoja. Akasema, "Ndiyo, dada."

Kwa hiyo nawaomba ninyi. Huenda jirani hakuwa amevaa kitenge kipya siku ile ya jiwe, huenda ni mimi. Huenda rubisi ilikuwa ya jirani au tuliinunua njiani. Yule kijana wa bodaboda huenda si babu yake niliyemjua bali ndugu wa babu. Kama ulikuwepo Miembeni, au pale kwenye jiwe, au uwanjani, na unaona nimekosea, njoo unikosoe. Niko Nyanga, mchana huwa nipo. Usiogope kunibishia, wala usingoje gari, kuanzia barabarani si mbali kwa miguu.